Uzamivu katika taaluma ya elimu ya juu

Uzamivu katika taaluma ya elimu ya juu ni masomo ya ngazi ya udaktari ambayo mtafiti wake huchunguza vyuo vikuu na vyuo vingine vinavyopokea wanafunzi waliomaliza sekondari: namna vinavyoongozwa, vinavyopata fedha, vinavyodahili, vinavyofundisha na kutahini, na namna vinavyohusiana na serikali na jamii. Matokeo yake ni tasnifu, yaani andiko refu lenye hoja mpya inayotetewa kwa ushahidi. Anayefaulu hutunukiwa shahada ya uzamivu, ambayo wengi huiita kwa kifupi PhD.

Taaluma hii isichanganywe na elimu kwa jumla. Anayetafiti namna ya kufundisha hisabati kidato cha pili yumo katika elimu ya sekondari. Anayeuliza kwa nini wasichana waliofaulu hisabati kidato cha sita ni wachache katika madarasa ya uhandisi ameingia katika elimu ya juu. Mpaka wenyewe si ukuta. Watu huingia wakitokea uchumi, sosholojia, historia, sheria na siasa, na wengi wao tayari ni wafanyakazi wa vyuo: wahadhiri, maofisa udahili, washauri wa wanafunzi, wakutubi. Jambo hilo ndilo linaloitofautisha taaluma hii na nyingine nyingi. Mtaalamu wa wadudu hachunguzi wadudu wanaoweza kumnyima likizo. Mtafiti wa elimu ya juu mara nyingi huchunguza nyumba anayoishi, na watu anaowahoji ni wakubwa wake, wenzake au wanafunzi wake.

== Historia ==

Shahada ya uzamivu kwa sura yake ya kisasa ilikulia Ujerumani katika karne ya 19, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Berlin kuanzishwa mwaka 1810 kwa kufuata fikra za Wilhelm von Humboldt, aliyetaka ufundishaji na utafiti viende pamoja. Nchini Marekani chuo cha Yale kilitoa PhD za kwanza mwaka 1861. Uingereza ilichelewa, Oxford ilianzisha shahada hiyo mwaka 1917.

Kuchunguza chuo chenyewe kama somo kulianza Marekani. Mwaka 1893 mwanasaikolojia G. Stanley Hall alifundisha katika Clark University, jimbo la Massachusetts, kozi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuhusu elimu ya juu. Taaluma ilipanuka zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia masomo askari waliorudi vitani, vyuo vikajaa, na ghafla wakahitajika watu wanaojua kuendesha chuo kikubwa. Ndiyo maana hadi leo Marekani ina njia mbili zinazokwenda sambamba: PhD, inayomwandaa mtafiti, na EdD, yaani Udaktari wa Elimu, unaowalenga zaidi viongozi na watendaji. Kwa vitendo tofauti ya hizo mbili hutegemea chuo, na wapo wenye EdD walioandika tasnifu nzito kuliko za wenzao wa PhD.

Huko Ulaya, chama cha watafiti wa elimu ya juu cha Uingereza kiliundwa katikati ya miaka ya 1960, na University of Twente nchini Uholanzi ikafungua kituo chake cha utafiti wa sera za elimu ya juu, CHEPS, mwaka 1984.

Katika Afrika Mashariki vyuo vyenyewe ni vichanga. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa sehemu za chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kwa muda mrefu walioandika juu ya vyuo hivi hawakujiita wataalamu wa elimu ya juu. Walikuwa wanasheria, wanahistoria na wanasiasa walioandika juu ya mahali walipofanya kazi. Issa Shivji alikusanya katika kitabu cha mwaka 1993 maandiko yake juu ya wasomi wa Mlimani, na Mahmood Mamdani alichapisha mwaka 2007 utafiti wake kuhusu Makerere ilivyobadilika ilipoanza kupokea wanafunzi wengi wanaojilipia. Wote wawili waliandika juu ya vyuo walivyofundisha. Baadaye mradi wa HERANA, ulioratibiwa kutoka Afrika Kusini, ulilinganisha vyuo vikuu vinane vya Afrika, vikiwemo vya Dar es Salaam na Makerere, ukiuliza swali ambalo halikupendwa na kila mtu: je, vyuo hivi vinazalisha maarifa mapya, au vinafundisha tu?

== Nadharia zinazotumika ==

Mtahiniwa wa uzamivu hutakiwa kuonyesha kiunzi cha nadharia, yaani miwani anayotazamia data zake. Katika taaluma hii miwani michache hutumika mno.

Ya kwanza ni ya Martin Trow. Mwaka 1973 alieleza kwamba elimu ya juu hubadilika tabia kadiri inavyopanuka. Wakiingia chini ya asilimia 15 ya vijana wa rika husika, ni elimu ya wateule. Kati ya 15 na 50 ni elimu ya umma mpana. Zaidi ya 50 inakuwa jambo linalotarajiwa kwa kila mtu. Ya pili ni ya Burton Clark, ambaye mwaka 1983 alichora pembetatu yenye ncha tatu zinazovutana: dola, soko na wanazuoni wenyewe. Ya tatu ni ya Vincent Tinto, aliyeandika mwaka 1975 kwamba mwanafunzi huacha chuo pale anaposhindwa kujifungamanisha na maisha ya kitaaluma na ya kijamii ya mahali hapo.

Shida huanza miwani hii inapovaliwa mahali ambapo haikutengenezewa. Tanzania kwa mfano iko chini ya ile asilimia 15, kwa hiyo kwa hesabu ya Trow bado iko kwenye elimu ya wateule. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesikiliza mhadhara akiwa amesimama dirishani, kwa sababu ndani viti vimekwisha, hajioni mteule. Msongamano umefika kabla ya upanuzi. Tinto naye alikuwa na fikra ya kijana aliyetoka sekondari moja kwa moja na kuhamia chuoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kimejaa walimu na watumishi wenye familia wanaosoma usiku wakiwa Songea au Kigoma. Mtu wa namna hiyo akiacha masomo, hakushindwa kujifungamanisha na bweni. Huenda ada ilikwenda kwa mtoto aliyefaulu kuingia kidato cha tano.

Tasnifu nyingi dhaifu katika eneo hili huwa na kasoro moja: nadharia huelezwa kwa heshima katika sura ya pili, kisha haionekani tena mpaka hitimisho. Tasnifu iliyo imara huigombeza nadharia kwa data zake, na hapo ndipo mchango mpya unapopatikana.

== Hatua za masomo ==

Taratibu hutofautiana. Marekani mtahiniwa husoma kozi kwa miaka kama miwili, hufanya mtihani mkubwa, ndipo huanza tasnifu. Uingereza, na vyuo vingi vilivyorithi utaratibu wake, humruhusu kuanza na utafiti moja kwa moja. Vyuo vya Tanzania vina njia zote mbili: ya tasnifu tupu, na ya kozi pamoja na tasnifu.

Kwa vyovyote, mwombaji huanza na pendekezo la utafiti. Hulitetea mbele ya jopo, hupata idhini ya maadili, hukusanya data kwa hojaji, mahojiano, nyaraka au takwimu, huandika, na mwisho husimama mbele ya watahini, mmoja wao akiwa ametoka nje ya chuo. Kenya hudai zaidi: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeweka sharti la mtahiniwa wa uzamivu kuchapisha makala katika majarida yanayohakikiwa kabla ya kuhitimu.

Vibali navyo vina mlolongo wake. Nchini Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, Uganda ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na Tanzania mamlaka ni ya COSTECH, ingawa wakuu wa vyuo vikuu wamekasimiwa uwezo wa kuwapa vibali watafiti wao wenyewe. Jambo ambalo pendekezo la utafiti halisemi ni kwamba kibali cha maandishi hufungua lango tu. Kuingia ofisini kwa msajili na kupewa majalada ya udahili ya miaka 10 ni shughuli nyingine, na hapo kujuana kunasaidia kuliko muhuri.

== Kumchunguza mwajiri ==

Mtafiti anayechunguza chuo anakofanya kazi huitwa mtafiti wa ndani. Paul Trowler wa Lancaster, Uingereza, ameandika mahususi juu ya hali hii, na suala lenyewe hujitokeza karibu katika kila utetezi wa tasnifu za taaluma hii.

Faida zake ni wazi. Mtafiti wa ndani anajua kumbukumbu zipi zimo kwenye kompyuta na zipi zimo kwenye kabati lililofungwa. Anajua kwamba sera ya uhakiki wa ubora iliyopitishwa na seneti ni kitu kimoja, na fomu ambazo wanafunzi hujaza dakika tano kabla ya mtihani ni kitu kingine. Mgeni angehitaji mwaka mzima kulijua hilo.

Hasara zake ndizo zinazohitaji kutazamwa kwa makini. Kwanza, anayehojiwa anajua anayemhoji ni nani. Mkuu wa idara akihojiwa na mhadhiri msaidizi wa idara hiyohiyo hatazungumza kama mtafitiwa. Atazungumza kama bosi, na majibu yatafanana na ripoti ya mwaka. Mwanafunzi akihojiwa na mwalimu atakayemsahihishia mtihani Juni atasema mafunzo ni mazuri. Fomu ya ridhaa inasema kushiriki ni hiari, lakini mwanafunzi anapima kwanza kama kweli kukataa kunawezekana. Ndiyo maana kamati nyingi za maadili humtaka mtafiti awahoji wanafunzi wa kitivo kingine, au atumie msaidizi asiyewafundisha.

Pili ni kuficha majina. Katika utafiti wa shule za msingi, kuandika "Mwalimu A wa Shule X" hutosha, kwa kuwa shule ni maelfu. Vyuo vikuu ni vichache. Ukiandika "chuo kikuu kikongwe kuliko vyote Tanzania" hakuna asiyekijua. Ukiandika "profesa mwanamke wa uhandisi", pengine wako wawili tu, na yule ambaye hakusema maneno hayo anajua nani aliyasema. Tasnifu huwekwa maktaba, na siku hizi huwekwa pia kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, ambako mtu aliyetajwa vibaya anaweza kuisoma jioni ileile. Watafiti waangalifu hugawa maelezo: sentensi moja wanaitaja jinsia bila cheo, nyingine cheo bila idara, na baadhi ya nukuu nzuri kuliko zote huachwa daftarini. Ni hasara, ila mtu aliyezungumza kwa kuamini hapaswi kulipia shahada ya mwingine kwa ajira yake.

Tatu, mtafiti anaweza kusikia alichokuwa hakukitafuta. Aliyekwenda kuuliza juu ya usimamizi wa miradi ya wanafunzi anaweza kuambiwa habari za rushwa ya ngono, ambayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 nchini Tanzania inaihesabu kuwa kosa. Aliahidi usiri. Je, anyamaze? Aripoti, na kumfichua binti aliyemwamini? Hakuna kanuni moja inayomaliza swali hili. Kinachopendekezwa ni kulishughulikia kabla: fomu ya ridhaa ieleze mipaka ya usiri, mtafiti awe na orodha ya mahali pa kumwelekeza mtu kupata msaada wa kisheria na ushauri nasaha, na uamuzi wa kuripoti ufanywe pamoja na aliyesimulia, si nyuma ya mgongo wake.

Nne, yapo maswali ambayo watahiniwa huyakwepa kimyakimya. Ni rahisi kuona tasnifu juu ya "changamoto za TEHAMA katika ufundishaji" kuliko juu ya namna vyeo vya uprofesa vinavyopatikana, au fedha za ada zinakokwenda. Si kwamba hayo hayana umuhimu. Ni kwamba mtahiniwa anarudi kazini Jumatatu. Wengine hutatua hilo kwa kutafiti chuo cha nchi nyingine, au kwa kuchunguza kipindi kilichopita, pale ambapo wahusika wamekwisha staafu na nyaraka zimefunguliwa.

== Lugha ya utafiti ==

Katika Tanzania mahojiano mengi hufanyika kwa Kiswahili, na tasnifu za elimu huandikwa kwa Kiingereza. Kati ya hapo pana tafsiri, na tafsiri hiyo huelezwa kwa sentensi moja katika sura ya mbinu, kama vile ni kazi ya mkono tu.

Mfano ni msamiati wa wanafunzi wa vyuo. *Bumu* ni fedha za kujikimu zinazotoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ukiitafsiri kama posho, umepoteza kitu. Neno bumu limebeba siku yenyewe ya kuingia kwa fedha, madeni ya dukani yanayolipwa siku hiyo, na ukimya wa wiki za mwisho kabla ya bumu jingine. *Desa* ni vijitabu vya kurudufu vinavyorithishwa mwaka hadi mwaka. Anayetafiti usomaji wa wanafunzi na kuandika tu kwamba wanatumia maandishi ya mhadhara hajaeleza kwamba mengine yaliandikwa kabla ya mhadhiri wa sasa kuajiriwa. *Kudisko* ni kufukuzwa masomo kwa kufeli, na *sapu* ni mtihani wa marudio. *Kubebana* ni kulala wawili kwenye kitanda cha bweni alichopangiwa mmoja. Neno hilo la mwisho peke yake ni sura nzima ya sera ya makazi: ndani yake mna kanuni inayovunjwa, urafiki, na idadi ya vitanda isiyolingana na idadi ya waliodahiliwa.

Mtafiti anayejali huacha neno lenyewe katika tasnifu na kulifafanua kwa aya, badala ya kulibadilisha kwa neno la Kiingereza lililo karibu. Pia hurudi kwa aliyehojiwa na kumsomea tafsiri. Kwa kweli hapa mtafiti anayezungumza Kiswahili ana mali ambayo mwenzake wa London au Boston hana, lakini mara nyingi huificha, akidhani kwamba usomi ni kuandika kana kwamba watu wake walizungumza Kiingereza tangu mwanzo.

== Muda, usimamizi na fedha ==

Miaka mitatu inayotajwa kwenye kanuni ni ya chini kabisa. Nchini Marekani mradi wa baraza la shule za uzamili na uzamivu uliofuatilia wanafunzi wa taaluma mbalimbali ulikuta asilimia 57 walimaliza ndani ya miaka 10. Barbara Lovitts, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alionyesha kwamba walioacha hawakuwa na akili pungufu kuliko waliomaliza. Kilichowatofautisha zaidi ni yale yaliyowapata baada ya kuingia, hasa kukosa taarifa, kukosa wenzao, na aina ya msimamizi waliyempata. Utafiti kama huo ni tawi la taaluma yenyewe: mwanafunzi wa uzamivu huwachunguza wanafunzi wa uzamivu.

Afrika Mashariki mtahiniwa wa kawaida ana ajira na familia, na husoma kwa muda asiokuwa nao. Msimamizi wake ana watahiniwa wengine, madarasa makubwa, na pengine cheo cha utawala. Sura iliyopelekwa Machi inaweza kurudi Septemba. Adabu ya kwetu inazidisha ugumu, maana si rahisi mtu mzima kumwandikia profesa wake barua ya pili kuuliza alipofikia. Anaona kama anamsukuma. Vyuo vingine vimeanza kudai ripoti ya maendeleo kila nusu mwaka inayotiwa sahihi na pande zote mbili, na faida kubwa ya fomu hiyo ni kwamba inamwondolea mwanafunzi aibu ya kuuliza: anayeuliza ni fomu.

Gharama ni ada, safari za kukusanya data, unukuzi wa mahojiano, na uchapaji. Ufadhili hutoka kwa mwajiri, kwa serikali, au kwa mashirika ya nje kama DAAD ya Ujerumani na tume ya ufadhili ya Jumuiya ya Madola. Mfadhili wa nje mara nyingi huja na vipaumbele vyake, na hilo linaonekana kwenye vichwa vya tasnifu za kipindi husika.

== Baada ya shahada ==

Wengi hubaki au hurudi vyuoni kama wahadhiri. Wengine huingia katika mamlaka za ithibati na udhibiti, kama Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, au Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala, au katika ofisi za mipango na uhakiki wa ubora za vyuo vyao. Hapo hutokea hali ya pekee: aliyeandika miaka mitano iliyopita kwamba fomu za tathmini ya ufundishaji hazisomwi na mtu, sasa ndiye anayezipokea mezani, zikiwa zimefungwa kwa rundo la kila idara, na ana wiki mbili za kuandika ripoti.